Kabla ya Kulipia Safari ya Ufukweni: Upepo, Mawimbi na Maji ya Paje kwa Majira ya Mwaka

Picha ya ufukwe inayotumika kuuza chumba cha hoteli au safari ya boti hupigwa saa moja ya siku moja. Maji yamejaa, jua linawaka, upepo umetulia na mchanga hauna hata unyasi mmoja. Mlaji aliyeko Dodoma, Mwanza au Nairobi huitazama picha hiyo katika simu yake, akalipa, kisha akafika na kukuta bahari imerudi nyuma hadi haionekani vizuri, au upepo unampiga mchanga usoni, au nahodha amekaa chini ya mnazi akitikisa kichwa. Mara nyingi hakuna aliyemwambia uongo. Hakuambiwa tu kwamba kitu alichokinunua hubadilika kwa msimu, kwa tarehe za mwezi na kwa saa za mchana.

Katika makala haya tunaeleza mabadiliko hayo kwa kuchukua mfano wa ufukwe mmoja, Paje, ulioko kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja. Mengi tutakayoyasema yanahusu pia Bwejuu, Jambiani, Kiwengwa na Matemwe, na kwa tofauti ndogo hata Diani katika pwani ya Kenya, kwa kuwa fukwe hizo zote zimeelekea bahari kuu na zimekingwa na mwamba wa matumbawe. Hatukusudii kufundisha jiografia. Ofisi yetu hupokea malalamiko ya watu waliolipia bahari ambayo haikuwapo siku waliyofika, na yamo machache ambayo ndani yake fedha ilikuwa hasara ndogo kuliko zote. Moja kati ya hayo tutalisimulia mbele.

Pepo mbili na vipindi vya katikati

Pwani yetu hutawaliwa na pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi hivi, wakati bara la Asia limepoa na hewa yake nzito inasukumwa kuelekea kusini penye joto. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, na miaka mingine huendelea hadi Oktoba, kwa kuwa wakati huo Asia imepata joto na mwelekeo wa hewa umegeuka. Neno lenyewe msimu tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mabaharia walilitumia kwa majira hayo ya safari. Wazungu nao walilichukua wakalifanya jina la pepo zenyewe.

Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakarudi na kusi. Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba manahodha wale hawakusafiri wakati wowote wa kusi. Walifanya haraka kuondoka mwanzoni mwake, au walingoja lilegee, ili wakikwepe kilele chake cha katikati ya mwaka. Watu walioishi kwa bahari, wenye vyombo vikubwa na mizigo ya thamani, walikubali kukaa bandarini kwa wiki na miezi. Tunalitaja hili kwa sababu siku hizi mgeni wa siku mbili huona ameonewa akiambiwa angoje hadi kesho asubuhi.

Kusi huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Katika Paje huvuma siku nyingi mfululizo, mara nyingine tangu asubuhi, na huja likiupiga ufukwe kwa mshazari kutoka mkono wa kulia wa mtu anayeitazama bahari. Mvua za masika zimekwisha, hewa ni ya kupendeza na maji hupoa hadi nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, ilhali mwezi wa Machi hufika 29 na zaidi. Ni wakati mzuri wa kupumzika, lakini ni wakati mgumu wa kuogelea na watoto wadogo upande wa mashariki, na ni mgumu zaidi kwa boti ndogo zinazotoka nje ya mwamba. Kusi pia huleta ufukweni majani mengi ya bahari. Hayo si uchafu wala si uzembe wa mwenye hoteli, na anayelalamika kwamba hayakufagiliwa yote hatapata msaada mkubwa kwetu.

Kaskazi kwa kawaida ni pole kuliko kusi. Mara nyingi huamka taratibu, likashika kasi kuanzia adhuhuri na kulegea usiku. Kwa hiyo asubuhi za Januari na Februari huwa na maji matulivu ambayo mchana wake hauna. Anayepanga kwenda kutazama matumbawe kwa miwani na mrija karibu na kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, afanye safari hiyo mapema. Akiambiwa boti itaondoka saa nane mchana, aulize kwa nini.

Kati ya pepo hizo mbili vipo vipindi vya mpito, hasa Machi na Aprili, tena Oktoba na Novemba, ambapo upepo hupungua au huyumba bila mwelekeo. Wazee wa pwani huviita malelezi au tangambili. Bahari huwa shwari kuliko nyakati nyingine, ila mvua za masika huangukia kipindi cha kwanza na za vuli huangukia cha pili. Bei za hoteli hushuka miezi hiyo, hasa wakati wa masika, na hakuna ubaya kuzifuata mradi mlaji ajue anachokinunua: maji matulivu chini ya mawingu.

Wapo wanaokwenda Paje kwa ajili ya upepo wenyewe. Mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara kubwa umeifanya Paje ijulikane mbali, na misimu yake ni miwili: Juni hadi Septemba kwa kusi, na katikati ya Desemba hadi Februari kwa kaskazi. Mafunzo yake ni ya gharama kubwa na huuzwa kwa saa au kwa siku kadhaa pamoja. Anayelipia mafunzo ya siku tano mwezi wa Novemba anaweza kukaa siku tatu akitazama tiara zilizokunjwa. Tunawaomba wasomaji wetu walichukulie neno "uhakika", likitumiwa kuhusu upepo, kuwa ni tangazo la biashara. Linaloweza kuahidiwa ni kitu kingine: kwamba saa ambazo hazikufundishwa kwa kukosa upepo hazitahesabiwa, na fedha yake itarudishwa. Ahadi hiyo iombwe kabla ya malipo.

Lipo pia jambo dogo la alfajiri ambalo limewahi kuwachukua watu. Wakati wa kusi, kabla jua halijapanda, huweza kuvuma upepo mwepesi utokao nchi kavu kwenda baharini, uitwao umande. Maji karibu na mchanga huwa laini kama kioo, na mzazi huona huu ndio wakati salama wa kumwacha mtoto juu ya boya la kuchezea. Upepo huo hauinui wimbi ufukweni kwa sababu unatoka nyuma yako, lakini hulisukuma boya kwenda nje polepole. Vitu vya kuelea vya kuchezea visitumiwe kabisa upepo unapotoka nchi kavu.

Tarehe za mwezi ni jedwali la maji

Wahenga waliposema maji yakijaa hupwa hawakuwa wakitoa fumbo tu. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hizo 50. Kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika chache.

Tofauti kati ya maji makuu na maji madogo haiko sawa kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwa siku mbili tatu baadaye, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake Unguja huweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti huweza kuwa mita 1 hivi tu. Anayeifuata kalenda ya Kiislamu anayo tayari hesabu mkononi, kwani bamvua huangukia tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo, na maji mafu huangukia tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Jedwali rasmi la maji lina usahihi zaidi, lakini hesabu hii inatosha kwa kupanga likizo.

Pana jambo jingine ambalo wenyeji wanalijua na wageni hushangaa kulisikia. Siku za bamvua Unguja hupwa kuelekea saa nne asubuhi na hujaa kuelekea saa kumi jioni, mwaka mzima. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kuelekea saa nne asubuhi, ila si mengi, na hupungua kuelekea saa kumi jioni. Kwa hiyo mgeni afikaye Paje kwa siku mbili wakati wa mwezi mpevu, akataka kuogelea baada ya kifungua kinywa, atakuta uwanja wa mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani hadi karibu na mwamba. Akija wiki moja baadaye atakuta maji mahali pale pale saa ile ile.

Sisi hatuoni kwamba Paje yenye maji yaliyopwa ni bidhaa yenye kasoro. Kutembea juu ya mchanga ule asubuhi, wakati wanawake wa kijiji wako kwenye mwani wao, ni jambo ambalo watu wengi hulikumbuka kuliko kuogelea kwenyewe. Mashamba yale yana wenyewe na hayakanyagwi. Anayetembea avae viatu vyenye soli ngumu, kwa kuwa katika vidimbwi na majani mna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Kasoro ipo pale tangazo linaposema "kuogelea saa zote" mahali ambapo maji hukimbia kwa saa kadhaa kila siku. Kauli hiyo inapotosha, na sheria za kumlinda mlaji, Bara na Zanzibar, zinakataza kauli za kupotosha hata kama picha iliyoambatana nayo ni ya kweli. Anayetaka hasa maji ya kuogelea wakati wowote aulizie Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, ambako maji hayarudi nyuma kwa kiasi hicho.

Mawimbi na mwamba

Mawimbi yanayoonekana Paje ni ya aina mbili, na ni vyema kuyatofautisha. Yapo yanayofanywa na upepo wa hapo hapo: ni mafupi, yanafuatana haraka, na upepo ukilegea nayo hulegea baada ya saa chache. Yapo pia mawimbi marefu yaliyozaliwa mbali, kusini katika Bahari ya Hindi, yaliyosafiri kwa siku kadhaa hadi kutufikia. Hayo huja yameachana, yakipishana kwa sekunde kumi au zaidi, na hayahitaji upepo wa siku ile. Ndiyo maana mtu huweza kusimama ufukweni asubuhi isiyo na upepo na kusikia ngurumo kwenye mwamba. Nahodha akisema bahari ni mbaya siku kama hiyo, usimwone mvivu.

Mwamba ndio unaoifanya Paje iwe Paje. Wimbi huvunjika linapofika mahali ambapo kina cha maji kinakaribia kimo chake, kwa hiyo maji yakipwa karibu mawimbi yote huvunjikia nje, kwenye mwamba, na ndani hubaki bwawa tulivu. Maji yakijaa, mawimbi hupita juu ya mwamba na kuufikia mchanga. Bahari moja, siku moja, huwa na sura mbili.

Jambo la hatari zaidi halionekani kwa macho. Maji yaliyorushwa ndani na mawimbi hayana budi kutoka tena, na hutokea kwenye mapengo ya mwamba, ambayo wavuvi huyaita milango. Maji yanapopwa baada ya bamvua, mkondo wa mlangoni huwa na nguvu kuliko mwogeleaji hodari. Mlangoni mawimbi huvunjika kidogo kuliko pembeni, kwa sababu kina ni kirefu, basi mgeni huona pale ndipo penye utulivu na huelekea huko. Aliyeshikwa na mkondo asishindane nao kwa kurudi moja kwa moja alikotoka. Aelee, aokoe pumzi, kisha aogelee kwa upande, sambamba na ufukwe, mpaka atoke ndani yake. Bora kuliko hilo ni kumuuliza mvuvi yeyote mlango uko wapi kabla ya kuingia majini. Swali hilo halina malipo.

Jinsi ya kuisoma taarifa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi bila malipo, na hutangaza hali mbaya kwa ngazi tatu: angalizo, lenye rangi ya njano, tahadhari, yenye rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu. Wasomaji wengi wamewahi kusikia tangazo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 katika ukanda wa pwani. Wengi husikia "angalizo" wakadhani halina uzito kwa kuwa ni ngazi ya chini. Kwa meli kubwa huenda likawa jambo la kuangaliwa tu. Kwa boti ya mbao yenye watu kumi na wanne, mita 2 ni habari nyingine kabisa.

Kipimo cha mawimbi katika utabiri, kwa desturi ya wataalamu, ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa, wala si kimo cha wimbi kubwa kuliko yote. Mahali palipotabiriwa mita 2, wimbi moja moja huweza kukaribia mara mbili ya hapo. Nguvu nayo haikui sawasawa na kimo: wimbi la mita 2 lina nguvu mara nne ya wimbi la mita 1. Tunashauri angalizo lolote la mawimbi lichukuliwe kuwa sababu ya kutosha ya kuahirisha safari ya burudani kwa boti ndogo nje ya mwamba, bila kujali bei iliyolipwa.

Vimbunga ni nadra kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuizungusha hewa kwa kasi. Nadra haina maana ya kutokuwapo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Vyote viwili vilikuja wakati kaskazi limekwisha na kusi ndilo linaingia, ambao wengine huuhesabu kuwa wakati wa bahari tulivu.

Boti iliyotoka kwa sababu ya risiti

Katika mwezi wa Julai wa mwaka mmoja uliopita, wafanyakazi kumi na wanane wa ofisi moja ya Bara walilipia safari ya boti kutoka ufukwe wa mashariki kwenda nje ya mwamba. Walilipa bei yote mapema. Risiti yao ilikuwa na maneno haya chini: fedha ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote. Asubuhi ya safari nahodha alikwenda ufukweni, akatazama mlango, akasema leo hapana.

Wateja waliuliza habari za fedha zao. Mwandalizi akawaonyesha risiti. Wakasema, basi kama ni hivyo tupelekwe. Mwenye boti alipigiwa simu. Naye akampigia nahodha, ambaye hulipwa kwa safari iliyofanyika tu. Waliondoka saa tano kasoro. Maji yalikuwa yakipwa na kutoka kwa nguvu mlangoni, na kusi lilikuwa likiyapiga kwa mbele. Mkondo na upepo vinapokutana uso kwa uso, mawimbi huwa mafupi na wima. Wimbi la tatu liliingia botini na mashine ikazima. Majaketi okozi yalikuwa kumi. Wavuvi wa ngalawa mbili, waliokuwa ndani ya mwamba, ndio waliowatoa. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mkono.

Walalamikaji walitujia wakidai nauli na thamani ya simu zilizozama. Madai hayo tuliyashughulikia. Lakini tuliwaambia pia jambo ambalo hawakupenda kulisikia: kwamba saa tatu asubuhi ile walikuwa na mtu aliyeijua bahari, aliyewaambia ukweli, nao walimlazimisha aubatilishe. Mwandalizi naye tulimwambia kwamba maneno yale ya chini ya risiti ndiyo yaliyoitoa boti. Aliyatunga ili kujilinda na wateja wanaobadili nia bila sababu, na hilo ni haki yake. Mteja akighairi siku ambayo bahari inafaa, mtoa huduma anaweza kubaki na arubuni. Lakini sharti lisilotofautisha mteja aliyeghairi na bahari iliyokataa humfanya kila mtu aliyesimama ufukweni apate hasara kwa kubaki salama: mteja hupoteza fedha, mwenye boti hupoteza jina, nahodha hukosa ujira wa siku.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba suala la hali ya bahari liandikwe kabla ya arubuni kutolewa. Si lazima uwe mkataba wa wakili. Ujumbe wa simu unatosha, ikiwa upande wa pili umejibu kwamba umekubali. Maneno yanaweza kuwa haya: "Nahodha, mwenye boti au mamlaka ya serikali akiona bahari haifai, safari itaahirishwa. Mteja atachagua siku nyingine au atarejeshewa fedha zake, isipokuwa shilingi kadhaa tulizokubaliana kwa ajili ya nahodha na mabaharia waliojitayarisha."

Sehemu ile ya mwisho tumeiweka kwa makusudi, ingawa wenzetu wengine wanaona inampunguzia mlaji haki yake. Sisi tunaona nahodha anayekataa kutoka ametoa huduma, tena iliyo bora kuliko zote alizonazo, na ni vyema asirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kusema kweli. Kiasi hicho kiwe kidogo na kitajwe waziwazi.

Siku ya safari, hesabu majaketi okozi kabla ya kupanda, nayo yawe sawa na idadi ya watu, watoto wakiwa na ya kimo chao. Uliza kama boti ina leseni ya kuchukua abiria na imeruhusiwa kubeba wangapi. Kama majibu yanazungukazunguka, usipande; mahali pa kudai fedha yako patakuwapo kesho.

Hayo hayo yanahusu kivuko cha kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ambacho kwa wageni wengi wa Paje ndicho mwanzo wa safari. Tarehe 18 Julai 2012, katika kilele cha kusi, meli ya MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikiwa njiani kwenda Zanzibar, na watu wengi walipoteza maisha. Chombo kikiahirishwa kwa ajili ya bahari, una haki ya kupewa safari nyingine au kurejeshewa nauli, nawe una wajibu wa kutotafuta boti ya pembeni itakayokuvusha kwa magendo. Anayesafiri mwezi wa Juni, Julai au Agosti aweke siku moja ya akiba kati ya kivuko na ndege yake ya kuondoka.

Mlaji anayetaka kulalamika ahifadhi risiti au ujumbe wa malipo, tangazo alilolitegemea pamoja na picha yake, majibizano yote ya simu, na picha ya ufukwe aliyoipiga mwenyewe yenye tarehe na saa. Aambatanishe pia taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo. Kwetu karatasi hiyo moja hukata maneno mengi. Malalamiko yaliyotokea Zanzibar yapelekwe kwa vyombo vya Zanzibar vya ushindani na kumlinda mlaji, na yale ya usalama wa vyombo yapelekwe kwa mamlaka ya usafiri baharini. Mtoa huduma akiwa na ofisi Bara, mlaji anaweza kuanzia kwenye Tume ya Ushindani. Mpe kwanza mtoa huduma nafasi ya kujibu kwa maandishi, na umtajie siku ya mwisho ya kupokea jibu lake.